Kutibiwa Bila Kufilisika: Mwongozo wa Zahanati, SHA na Mfuko wa Chama kwa Mkazi wa Kisumu

Maswali kuhusu SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii inayosimamia bima ya afya ya serikali, ni yale yale, kutoka Nyalenda hadi Kondele, na hata kwa jamaa walioko Kaptembwa kule Nakuru. "Nilijisajili SHA, mbona nimeitishwa pesa?" "Mtoto ana homa, nimpeleke wapi nisije nikagusa kodi ya nyumba?" "Mimi ni wa jua kali, sina payslip, nitalipa kivipi?" Mwongozo huu ni wako wewe ambaye unapata pesa kwa siku au kwa wiki: mama mboga, fundi, mwendesha boda, kibarua wa mjengo, mkulima wa mpunga huko Ahero. Wenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kazini moja kwa moja, kwa hivyo hatua za malipo haziwahusu sana, ila zile za kuchagua kituo ni za kila mtu.

Jambo moja ulishike kabla ya mengine yote: kujisajili na kulipia ni vitu viwili tofauti, na kila kimoja kinafungua mlango wake. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, ile bima ya taifa ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, ilikuja na hazina tatu. Hazina ya afya ya msingi hugharamia matibabu ya kutwa katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3. Hiyo inataka uwe umejisajili tu, hata kama hujalipa shilingi. Hazina ya bima ndiyo inayohusika na kulazwa, upasuaji, kujifungua na huduma nyingine za hospitali kubwa, na hiyo inataka uwe umelipa mchango wa mwaka. Ya tatu ni ya dharura na magonjwa sugu yanayokula pesa nyingi. Watu wengi wanaorudi nyumbani wamekasirika walikuwa na ufunguo wa mlango wa kwanza, wakaenda kugonga mlango wa pili.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitambulisho chako cha kitaifa, na cha mume au mke wako.
- Vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kama cheti bado hakijatoka, anza kukifuatilia leo, maana hapa ndipo familia nyingi hukwama.
- Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe, inayofanya kazi na ambayo hufikirii kuitupa. Usitumie laini ya jirani wala ya mtoto aliye Nairobi.
- Daftari dogo la afya la familia. Andika humo presha, sukari, dawa zinazotumika na tarehe za kliniki, na ubandike risiti zote.
- Jina na namba ya mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako, ambaye wengi humwita CHP. Kama humjui, muulize mzee wa mtaa au chifu.

Hatua ya 1: Tambua kituo chako cha kwanza mngali wazima

Usingoje mtoto apate degedege saa nane usiku ndipo uanze kuulizia. Tafuta zahanati au kituo cha afya cha umma kilicho karibu nawe, uende siku ya kawaida, uulize mambo manne: mnafungua na kufunga saa ngapi? Wikendi mko? Mna maabara? Mmeunganishwa na SHA? Kisha uliza swali la tano, ambalo ndilo muhimu kuliko yote kwa mfuko wako: kituo kikifungwa usiku, ninyi mnatuma watu wapi?

Zipo pia kliniki za kibinafsi na za makanisa zilizo na mkataba na SHA. Kibango cha SHA ukutani hakitoshi. Uliza dirishani, "Matibabu ya kutwa hapa yanalipwa na SHA ama nitalipa mimi?" Jibu likiwa la kuzungukazunguka, hesabu kwamba utalipa wewe.

Kosa kubwa ninaloliona Kisumu ni kukimbilia Russia, yaani hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, kwa kikohozi na kuumwa na tumbo. Naelewa sababu yake: watu wanaamini huko ndiko kuna madaktari wa kweli. Lakini hospitali kubwa haikuwekwa kwa ajili ya mafua. Utapiga foleni nyuma ya majeruhi wa barabarani, na kwa kuwa matibabu ya kutwa ya kawaida yamewekwa zahanati, mara nyingi kadi, maabara na dawa utalipa kutoka mfukoni. Wa Nakuru hufanya vivyo hivyo na hospitali yao kubwa, ile waliyozoea kuiita PGH. Anza chini, kisha upande ngazi kwa barua ya rufaa.

Hatua ya 2: Mtumie mhudumu wa afya ya jamii kabla ya kupanda pikipiki

Serikali iliwapa wahudumu hawa vifaa mwaka 2023, zaidi ya 100,000 nchi nzima, na kwenye mkoba wao mna mashine ya kupima presha na ya kupima sukari. Huku kwetu kandokando ya ziwa, ambako malaria ni ugonjwa wa kila msimu, wengi wao pia wamefunzwa kupima malaria kwa tone la damu ya kidole na kutoa dawa kwa mgonjwa ambaye hali yake si mbaya. Huduma yao ni ya bure. Anaweza pia kukusajili SHA mlangoni pako.

Kama una mtu wa presha nyumbani, mwombe apite mara kwa mara na aandike vipimo kwenye lile daftari. Presha iliyoandikwa miezi mitatu mfululizo humsaidia klinisheni kuamua haraka, na humwepusha mgonjwa na vipimo vya kurudiarudia. Lakini usimngoje mhudumu kama mtoto hanyonyi, anapumua kwa shida, ametapika kila kitu au amelegea. Huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Jisajili, wewe na watu wako wote

Piga *147# na ufuate maelekezo, au ingia kwenye tovuti ya Afya Yangu. Usiye na simu nenda kituo cha afya, Huduma Centre au kwa CHP. Kujisajili hakulipiwi. Mtu akikudai 100 au 200 "ya fomu", ondoka.

Andika majina jinsi yalivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Kisha, na hapa ndipo watu huchoka wakaachia njiani, waongeze mwenzio na watoto mmoja mmoja. Mchango wa kaya moja huwahudumia wote walioandikwa chini ya mchangiaji. Mtoto ambaye hujamwandika hayumo, hata kama umelipa mwaka mzima. Ukimaliza, rudi *147# uhakikishe majina yote yanaonekana.

Uliyekuwa NHIF, usitegemee ile kadi ya zamani. Angalia usajili wako wa SHA kama mtu mpya.

Hatua ya 4: Fanya tathmini ya uwezo, na ujibu ukweli

Asiye na mshahara huulizwa maswali ya hali ya maisha: nyumba ni ya aina gani, maji mnatoa wapi, choo, kuni au gesi, mifugo, watu wangapi nyumbani. Majibu hayo ndiyo hutoa kiasi cha mchango wako. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na juu ya hapo hesabu ni asilimia 2.75 ya kipato kinachokadiriwa. Kaya inayokadiriwa kupata 15,000 kwa mwezi itaona 4,950 kwa mwaka. Ya 20,000 itaona 6,600.

Keti na mwenzio mjibu pamoja, bila haraka. Usimwachie kijana wa saiba akujazie huku wewe unaangalia nje. Nimeona watu wakipewa kiasi kikubwa kwa sababu aliyewajazia aliandika nyumba ya mawe ilhali wanaishi ya mabati, au akahesabu ng'ombe wa boma la baba kama wao. Wala usijifanye huna kitu kabisa. Ukiona kiasi kilichotoka hakilingani na maisha yako, kuna njia ya kuomba kitazamwe upya, na ukweli ndio utakaokusaidia huko.

Hatua ya 5: Lipa, au panga kulipa

Hapa ndipo pagumu, na sitaki kukudanganya. NHIF tulikuwa tunalipa 500 kila mwezi. Sasa mtu wa jua kali anatakiwa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, na 3,600 mkononi kwa mkupuo mmoja si kitu rahisi kwa anayeuza omena Kibuye. Zipo njia tatu.

Njia ya kwanza ni kujiwekea. Shilingi 10 kila siku inakupa 3,650 mwisho wa mwaka, na hiyo inamaliza kiwango cha chini. Wa 6,600 atahitaji kama 19 kwa siku, au 127 kwa wiki. Ziweke mahali usipozifikia kirahisi: akaunti ya kufungia pesa kwenye simu, au SACCO ya boda. Kibuyu cha kitandani huwa na mkono wa kila mtu.

Njia ya pili ni Lipa SHA Pole Pole, iliyozinduliwa mwaka 2025. Kupitia *147# unakopeshwa mchango wa mwaka, kisha unarejesha kidogo kidogo. Uzuri wake ni kwamba bima inaanza kufanya kazi kabla hujamaliza kulipa. Ubaya ni kwamba ni mkopo kama mikopo mingine. Kabla ya kubonyeza kukubali, soma jumla utakayorudisha na ni kila baada ya muda gani, uiandike kwenye daftari. Kama kipato chako hukatika miezi ya njaa, lipa zaidi wakati wa mavuno.

Njia ya tatu ni kulipiwa. Upo mpango wa serikali wa kuwalipia wasiojiweza kabisa. Kama ni mama mzee anayelea wajukuu au mtu mwenye ulemavu asiye na msaada, mwone chifu na CHP mkiwa na vitambulisho, muulizie jinsi majina yanavyoteuliwa. Na watoto walio mjini, badala ya kutuma pesa wazazi wakishalazwa, wawalipie mchango wa mwaka kila Desemba wanapokuja nyumbani. Ni zawadi bora kuliko kilo za sukari na mafuta.

Malipo yafanye kupitia *147# yenyewe. Usimtumie mtu binafsi pesa kwa namba yake eti "atakuingizia".

Mama mjamzito, hatua hii usiicheleweshe. Kujifungua kumo kwenye hazina ya bima, si ile ya zahanati. SHA hulipa hospitali 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Kwa 3,600 iliyolipwa mapema unajikinga na bili ya kiasi hicho. Anza kuweka siku ile unapojua una mimba.

Hatua ya 6: Anzisheni mfuko wa matibabu ndani ya chama

Bima nzuri namna gani, bado ina matundu: nauli ya kwenda hospitali, dawa iliyoisha zahanati, kipimo kisicholipiwa, chakula cha anayemuuguza mgonjwa. Matundu haya ndiyo huwapeleka watu kwa wakopeshaji wa simu. Chama, yaani kikundi chenu cha kuchangishana na kuweka akiba, kinaweza kuyaziba, na huku kwetu hakuna mtaa usio na chama.

Chukua mfano wa chama cha watu 20. Kila mmoja akitoa 50 kwa wiki juu ya mchango wa kawaida, ni 1,000 kila wiki, 52,000 kwa mwaka. Zitengeni kabisa na pesa za mzunguko na za kukopeshana, kwa daftari lake na mtunza hazina wake. Kisha kubalianeni kwa maandishi, mapema, kabla hajaugua mtu:

- Nani anahesabiwa kuwa familia ya mwanachama. Hapa ndipo vyama huvunjika, hasa kwa wakwe na watoto wa ndugu. Muandike majina.
- Kipi ni msaada na kipi ni mkopo. Ninavyoona mimi, nauli na dawa hadi 1,000 iwe msaada. Zaidi ya hapo iwe mkopo usio na riba, wa miezi mitatu au minne.
- Watu watatu wa kuidhinisha kwa simu, hata usiku. Wawili wakikubali, pesa zitoke.
- Bili ilipwe kwa namba rasmi ya hospitali, na risiti irudi kwenye mkutano.

Jambo jingine la kufanya na mfuko huu, na nalipendekeza kwa moyo wote: wakati wa kugawana mwisho wa mwaka, kila mwanachama alipiwe SHA kwanza ndipo apewe kilichobaki. Pesa zikishafika mkononi Desemba hazina mwenyewe.

Matanga yawe na mfuko wake mbali. Tunachangia jeneza na mahema bila kusita, na mgonjwa yule yule tulimwambia tutaona wiki ijayo.

Hatua ya 7: Siku ya kwenda kutibiwa

Beba kitambulisho, simu yenye chaji na lile daftari. Fika asubuhi. Dirishani utathibitishwa kwa alama za vidole au kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu yako, kwa hiyo usiiache simu nyumbani.

Ndani, eleza ugonjwa kwa mpangilio: umeanza lini, umekunywa dawa gani tayari, una mzio wa nini. Usifiche miti shamba uliyokunywa. Kisha uliza kabla ya kila kitu kinachogharimu: "Daktari, kipimo hiki kiko kwa SHA? Kisipokuwepo, ni pesa ngapi, na matokeo yake yatabadilisha dawa utakayonipa?" Na ukifika kwa dawa: "Sista, hii ipo hapa ama nitanunua nje?"

Kumbuka kwamba chanjo za watoto, dawa za TB na dawa za HIV hutolewa bure katika vituo vya umma. Watoto wa kaunti za kandokando ya ziwa na magharibi hupata pia chanjo ya malaria, wakiwa na miezi 6, 7, 9 na 24. Ile ya 24 husahaulika sana kwa sababu mtoto ameshakua na kadi ya kliniki imepotea. Itunze kadi hiyo.

Ukitumwa hospitali kubwa, usiondoke bila barua ya rufaa yenye muhuri na matokeo ya vipimo ulivyofanyiwa. Bila hivyo utaanza upya, na utalipia upya.

Onyo: usiweke kidole kwenye mashine kwa matibabu ambayo hukupata. Kuna watu hupita mitaani wakikusanya vitambulisho na alama za vidole kwa ahadi ya soda au shilingi kadhaa, kisha kituo fulani kinadai pesa za mgonjwa aliyelazwa ilhali wewe ulikuwa sokoni. Pesa hizo ni zetu.

Mambo yakikwama

"Nimeambiwa dawa hakuna." Hili ndilo hutokea mara nyingi kuliko yote. Omba uandikiwe jina la dawa yenyewe, si jina la kampuni, ndipo duka la dawa likupe ya bei nafuu yenye kazi ile ile. Ulizia bei katika maduka mawili au matatu, moja likiwa la hospitali ya kanisa. Nunua penye leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu iliyobandikwa ukutani. Kama pesa ni kidogo, dawa za presha unaweza kununua za wiki mbili kisha urudi. Antibiotiki usizigawanye, nunua dozi nzima. Na usinunue vidonge viwili viwili vya kila rangi kwenye kibanda.

"Mtandao wa SHA hauko." Uliza kama wanaweza kukuhudumia na kuingiza taarifa baadaye. Kama si jambo la haraka, ngoja saa moja. Ukilazimika kulipa, dai risiti yenye muhuri.

"Namba ya siri inaenda kwa laini niliyopoteza." Irudishe laini ile ile kwa kitambulisho chako kwa wakala wa kampuni ya simu, au ukabadilishe namba yako SHA kupitia Huduma Centre. Fanya hivyo leo, si siku ya kuugua.

"Nimelipa lakini mfumo unaonyesha sijalipa." Usifute ujumbe wa M-PESA. Piga 147, usome namba ya malipo, na uandike jina la aliyekuhudumia na saa.

"Ni dharura na sina kitu." Nenda hospitali iliyo karibu zaidi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na hilo linahusu hospitali za kibinafsi pia. Taja kifungu hicho kwa upole lakini kwa sauti. Mambo ya pesa yafuate mgonjwa akiwa ametulizwa.

"Mgonjwa amepona lakini bili imemshinda." Usitoroke, wala usinyamaze. Katika hospitali za umma kuna ofisi ya ustawi wa jamii inayoweza kupunguza au kufuta bili ya asiyejiweza. Nenda mapema, mgonjwa angali wodini, ukiwa na barua ya chifu inayoeleza hali yako. Kama hujalipa mchango wa SHA, uliza hapo hapo kama ukiulipa leo utasaidia bili hii. Omba mchanganuo wa bili uusome mstari kwa mstari: siku za kulala zilizozidi na dawa ambazo ulinunua mwenyewe nje huonekana humo mara kwa mara. Kisha pendekeza kiasi unachoweza kwa mwezi, kiandikwe na kisainiwe na pande zote mbili. Wakikataa kumwachilia mgonjwa, fahamu kwamba mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa hospitali ya Pumwani, kwamba kumfungia mtu kwa sababu ya deni la matibabu ni kuvunja haki zake. Deni linabaki deni na utalilipa, ila mgonjwa anapaswa kwenda nyumbani.